Mitungi sita ya pombe na dereva Mkwaju: historia ya hadithi za kazi na familia Ngara na Biharamulo

Baba mkwe hakuwa na maneno mengi. Binti yake alisimangwa na ndugu za mumewe kwa kukosa mtoto, wazazi wakaenda kumchukua, na sasa mume amekuja kumwomba arudi. Atampata mke wake, ila kwanza alete mitungi sita ya pombe ya ndizi. Mume huyo, Myombekere, anarudi kwake mikono mitupu, na kuanzia hapo msomaji anafuatana naye katika kazi. Ndizi zipatikane, zivundikwe mpaka ziive, zikamuliwe, pombe ingojwe ichachuke, kisha mitungi ifike ukweni salama. Yote hayo yanamwangukia mwanamume ambaye nyumba yake haina mke.

Hakuna bastola wala jasusi katika kurasa hizo, na bado kitabu hakiwekeki chini. Mtu wa Ngara au Biharamulo haambiwi kwa nini. Anajua ndizi zikitolewa mapema zimeharibika, na anajua aibu ya kufika ukweni na kitu kisichonyweka. Wasiwasi wa hadithi umetoka kwenye shamba lake mwenyewe.

Aliyeandika hayo ni Aniceti Kitereza, mtu wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896. Ujana wake aliupitisha upande huu wa Ziwa Victoria, katika seminari ya Rubya, ambako leo ni Wilaya ya Muleba, jirani na Biharamulo. Huko walimu wamisionari walimfundisha mpaka Kilatini. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe, na ikakaa bila mchapishaji kwa miaka 35. Alipokuwa mzee aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Yeye na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto, na bado aliandika kitabu kirefu kuhusu mume na mke wanaotafuta mtoto kwa subira na upendo, mpaka wanampata Ntulanalwo na baadaye dada yake Bulihwali. Sijui riwaya nyingine ya Kiswahili inayoheshimu mapenzi ya watu waliooana kwa kiasi hicho.

Nimeanzia hapo kwa sababu historia ya hadithi zetu pendwa huwa inasimuliwa nusu. Tukiulizwa, tunamtaja Elvis Musiba na Willy Gamba, jasusi wake wa Kufa na Kupona, kitabu cha mwaka 1974, kisha tunamtaja Ben Mtobwa. Ni haki yao. Lakini kulikuwa na mkondo mwingine, wa hadithi ambazo tukio kubwa ni mavuno, ndoa iliyotetereka, biashara ndogo inayoanzishwa na mama, jirani anayesamehewa. Katika wilaya hizi mbili za kusini mwa Kagera mkondo huo ulipita zaidi kwenye masikio kuliko kwenye macho. Duka la vitabu lilikuwa mbali, redio ilikuwa karibu.

Hata kusoma kwenyewe kuliingia huku kupitia kazi. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu wazima 67 katika kila 100 nchini hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1968 mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulianza Mwanza na kuhudumia mikoa ya ziwa, ukiwamo Ziwa Magharibi, jina la Kagera la wakati huo. Uliitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima hakuanza na sentensi za kitoto, alianza na pamba, ndizi, ng'ombe na usafi wa nyumba, mambo ambayo mikono yake ilikuwa imeyashika tangu asubuhi. Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1974 Mwanza ikapata gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili aliyejifunza asikose cha kusoma. Kwa wengi wa kizazi kile, maandishi ya kwanza waliyoyasoma bila kusaidiwa yalizungumzia kilimo na nyumba yao.

Redio ilifanya kazi ileile kwa njia pana zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza. Watu walikaa pamoja, wakasikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Namna hiyo ya kusikiliza haikuisha kampeni ilipoisha. Redio moja ilisikilizwa na nyumba kadhaa, na betri zilizochoka ziliwekwa juani zipate nguvu ya kumalizia jioni. Mchezo wa redio ulisikilizwa na kaya nzima, pamoja na mjomba aliyepita kusalimia, na ulipoisha ubishi ulianza. Nani alikosea? Mama yule angefanyaje? Maswali hayo ni sehemu ya utamu, na kitabu kinachosomwa na mtu mmoja kimyakimya hakiyapati kwa urahisi.

Kisha, Julai 1993, Redio Tanzania Dar es Salaam ikaanza kurusha Twende na Wakati.

Kwa nchi nzima ulikuwa mchezo wa redio wenye kufundisha uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Kwa watu wa Ngara na Biharamulo ulikuwa karibu habari za mtaani. Mhusika wake mkuu, Mkwaju, alikuwa dereva wa lori, mwenye wanawake katika vituo vya safari, asiyejali nyumba aliyoiacha. Sasa chukua ramani. Lori linalokwenda Rwanda linapita Nyakanazi, katika Wilaya ya Biharamulo, linakata kuelekea Ngara na kuvuka daraja la Rusumo, juu ya maporomoko ya Mto Kagera. Kila kituo cha njia hiyo kilimjua Mkwaju wake, kwa jina lingine. Na huu ndio mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa, mwaka 1983. Miaka kumi baadaye, mchezo ulipoanza, mabibi walikuwa wakilea wajukuu waliofiwa na baba na mama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba habari ya mume asiyetulia ni habari ya familia nzima.

Wengi walivutwa na Tunu zaidi, mke wa Mkwaju. Mkwaju alikuwa funzo, Tunu alikuwa mtu. Alivumilia, akaogopa, akapata moyo kidogo kidogo, akaanza biashara ndogo ya kujitegemea, akajifunza kuamua mambo yake. Waandishi wa mchezo walifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico, aliyetunga tamthilia za televisheni za aina hiyo katika miaka ya 1970. Anawekwa mhusika mwema, mhusika mpotovu, na katikati yao mhusika anayeyumba kabla ya kubadilika. Msikilizaji huwa anajiona katika huyo wa katikati. Mbinu ni ya kigeni, lakini mwanamke anayeweka mafungu ya mboga na matunda mbele ya nyumba ili watoto wale ni wa kwetu, na kipato chake cha kwanza kilikuwa na uzito wa mitungi sita ya Myombekere. Kazi inaokoa nyumba.

Watafiti walioufuatilia mchezo huo, akiwamo Everett Rogers wa Marekani, waliacha Dodoma nje ya matangazo kwa miaka miwili ya mwanzo ili walinganishe. Katika maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma. Matokeo hayo ninayathamini, ila yanajibu swali la mganga. Swali la msimuliaji ni kwa nini watu waliacha shughuli zao jioni, mara mbili kwa wiki, wakawasikiliza watu wasiokuwapo duniani. Ninavyoona, walipewa kitu ambacho habari hazikuwapa: muda wa kutosha wa kumwona mtu akikosea na kurekebisha. Habari humtaja mtu siku anapofikwa na balaa. Mchezo unaoendelea kwa miaka humngoja.

Mvuto huo wa hadithi za kazi na nyumba haukuwa wa Kagera peke yake. Ireland, nchi iliyokuwa ya wakulima wadogo, Wakatoliki wengi na vijana wanaohamia ng'ambo, ilikuwa na The Riordans, tamthilia ya televisheni ya taifa kuanzia mwaka 1965 hadi 1979. Ilihusu familia ya wakulima, na ndani yake mlikuwa na ushauri wa kilimo na, kwa ujasiri mkubwa kwa Ireland ya wakati ule, suala la uzazi wa mpango. Katika vitabu, nchi hiyohiyo ilimtoa Maeve Binchy, mwalimu aliyegeuka mwandishi wa gazeti la The Irish Times, aliyefariki mwaka 2012 baada ya kuuza mamilioni ya nakala duniani. Katika Evening Class ya mwaka 1996 anawakutanisha watu wazima wanaokuja shuleni jioni kujifunza Kiitaliano, kila mmoja na mzigo wake wa nyumbani. Katika Scarlet Feather ya mwaka 2000, mwanamke na mwanamume wanaanzisha kampuni ya kupika vyakula vya sherehe, na kitabu kizima kinauliza kama biashara itasimama na kama familia zao zitawaelewa. Aliyekaa darasa la kisomo chenye manufaa baada ya kutoka shambani, au aliyewahi kupika maandazi ya kuuza huku mawifi wakinung'unika, hatapotea katika vitabu hivyo. Wakosoaji huviita vyepesi. Nadhani wanachanganya wepesi wa kusomeka na wepesi wa jambo lenyewe. Kuweka nyumba pamoja ni jambo zito popote.

Ngara ililijua hilo kwa uchungu. Wakimbizi wa Burundi waliingia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Rusumo wakikimbia, na Benaco, iliyokuwa kambi ya kampuni ya ujenzi wa barabara, ikawa ghafla makazi ya watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi, JRS, likaanzisha Radio Kwizera mjini Ngara, ikisema Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda. Mwaka huohuo, ng'ambo ya mpaka, Studio Ijambo ikafunguliwa Bujumbura, na baadaye ikaanza kutoa mchezo wa redio wa Umubanyi niwe Muryango, yaani jirani ndiye familia, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri. Wahusika ni familia mbili zinazoishi ukuta kwa ukuta, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Sibazuri aliandika mamia ya vipindi katika nchi iliyokuwa vitani, akawafanya watu hao wagombane kwa mambo ya kawaida ya majirani na kisha wapatane. Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, kinakaribiana sana na Kirundi, kwa hiyo hadithi ya namna hiyo haihitaji mkalimani Ngara.

Kambi ya Lukole, iliyokuwa makao ya Warundi huku Ngara, ilifungwa mwaka 2008. Radio Kwizera imebaki na wasikilizaji ambao ni wenyeji wa wilaya hizi. Riwaya ya Kitereza ilipata tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika mwaka 2002, kwa hiyo leo inasomwa vyuo vikuu vya ng'ambo. Ningependa ifike pia shule za sekondari za Rulenge na Biharamulo mjini, na isomwe kwa sauti redioni, sura moja kwa jioni. Vipindi vya Twende na Wakati navyo virudishwe hewani. Wajukuu waliolelewa na bibi zao miaka ile sasa wana watoto wao wenyewe, na baadhi yao wanaendesha malori ya Rusumo.