Kutoka Manamba hadi Parachichi

Barabara ya Njombe inaanzia Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Vijana wa Kibena walipita huku wakielekea kaskazini enzi za mkoloni, wengi wakiwa wameandikishwa na SILABU, ofisi ya matajiri wa mkonge iliyoundwa mwaka 1944 kutafuta vibarua. Mashambani Tanga na Morogoro waliitwa manamba. Kwa sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923, aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha aliweza kushtakiwa kama mhalifu. Tajiri hakuwa na sababu ya kuiogopa mahakama: ilikuwa fimbo yake.

Fimbo hiyo imebadili mikono, na ushahidi unapita Makambako penyewe. Tangu reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, shaba ya Zambia imekuwa ikivuka mji huu kwenda bandari ya Dar es Salaam. Huko inakochimbwa, wanakijiji 1,826 wa Chingola walifungua kesi London mwaka 2015 dhidi ya kampuni ya madini ya Vedanta na kampuni yake tanzu, wakidai kuwa mgodi wa Nchanga umechafua maji yao. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu kesi isikilizwe huko. Miongoni mwa mambo yaliyoitia Vedanta kitanzini ni machapisho yake yenyewe, ambamo ilijisifu kwamba inasimamia utunzaji wa mazingira katika migodi yake yote. Majigambo ya kusafisha jina yakageuka ushahidi. Mwaka 2021 pande mbili zilimaliza shauri kwa makubaliano, kampuni ikiwa haijakiri kosa.

Ukipanda kuelekea Njombe, unafika katika nchi ya miwati iliyopandwa na kampuni ya Tanganyika Wattle tangu mwaka 1949. Siku hizi mlima kwa mlima ni parachichi za Hass zinazokwenda Ulaya, na hapo ndipo kisa cha Kakuzi, shamba la parachichi la Kenya, kinapowahusu watu wa huku. Oktoba 2020 gazeti moja la London liliandika tuhuma za mauaji, ubakaji na vipigo dhidi ya walinzi wa shamba hilo. Kakuzi ilizikanusha. Hata hivyo Tesco, duka kubwa la Uingereza, ilisimamisha ununuzi mara moja, kabla hakimu yeyote hajatoa hukumu. Februari 2021 Camellia, kampuni mama, ilikubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kumaliza madai hayo. Baadaye Kakuzi iliunda kamati huru ya haki za binadamu na utaratibu wa kupokea malalamiko.

Mambo hayo ndiyo yalipaswa kutangulia. Kampuni nyingi hudhani kujiandaa na kesi ni kumwajiri msemaji na kuandika taarifa nzuri kwa vyombo vya habari. Lakini msemaji hana la kusema iwapo daftari la malalamiko ni tupu na walinzi hawakufundishwa, na kila neno analolitoa laweza kusomwa mahakamani. Wenye mashamba na viwanda vya kufungashia Njombe, anzeni na kibarua: msikilizeni, andikeni alichosema, mjibuni kwa wakati. Msiahidi hadharani msichokitenda shambani. Jina la kampuni hulindwa kabla mwandishi wa habari hajapiga simu.