Dawa ya Kuua Injini

Kiangazi cha 2009 nilikuwa fundi gereji hapa Marekani. Serikali ilitenga dola bilioni 3: ukileta gari linalobugia mafuta, unapunguziwa dola 3,500 au 4,500 kwenye bei ya jipya. La zamani tulimwaga oili yake, tukatia silikati ya sodiamu, tukakanyaga mafuta. Injini ilikoroma, ikanguruma, ikakwama jumla. Nakumbuka Ford Explorer moja, kiti cha mtoto bado kimo, ilikuwa inawaka vizuri kuliko gari langu.

Magari karibu 680,000 yalikwenda hivyo kabla Agosti haijaisha. Kwa ajili ya hewa safi, sawa. Lakini sisi tunaonunua magari ya mitumba hatukuulizwa. Mwaka uliofuata nilitafuta gari la dola elfu mbili. Sikulipata; nilipanda basi miezi saba.