Mtandao Upo, Mbona Mfumo Umegoma? Fahamu Jinsi Seva Moja Inavyogawanywa

Uko Litapunga, simu inasoma mtandao vizuri. Unafungua tovuti ya matokeo ya mtihani au unalipia huduma, lakini ukurasa unazunguka tu. Wengi tunalaumu mnara. Mara nyingine tatizo liko mbali, kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya watu wote kwa pamoja.

Seva moja, wapangaji wengi

Seva hukaa kwenye vituo vya data, kama kile cha Taifa kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kununua seva nzima kwa kila ofisi ni gharama kubwa. Kwa hiyo programu maalumu huigawa seva moja katika vipande, na kila kipande hufanya kazi kama kompyuta inayojitegemea. Hizo huitwa seva pepe. Wapangaji hao wanagawana prosesa, sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu, kama familia kadhaa zinavyotumia mashine moja ya kusaga kwa zamu.

Mipaka ya mgawo

Tuchukue mfano wa mashine za IBM aina ya Power. Tangu kizazi cha POWER5 cha mwaka 2004, kipande kinaweza kupewa hata sehemu 1 ya 10 ya prosesa moja. Msimamizi hupanga mambo manne:

1. Mgawo wa uhakika. Kipande chenye mgawo wa nusu prosesa hupata milisekunde 5 katika kila milisekunde 10. Sekunde moja ina milisekunde 1,000.

2. Kikomo. Kipande chenye kikomo hakivuki mgawo wake, hata kama majirani wamelala. Kisicho na kikomo huazima nguvu isiyotumika.

3. Idadi ya prosesa pepe. Prosesa pepe moja haiwezi kutumia zaidi ya prosesa halisi moja kwa wakati mmoja. Kipande chenye mgawo wa 2 na prosesa pepe 4 kitaazima hadi kufika 4, basi. Hata zikibaki prosesa 5 bila kazi, hakizigusi.

4. Uzito. Wanaotaka kuazima wakiwa wengi, mwenye uzito mkubwa hupata zaidi. Uzito ni kuanzia 0 hadi 255. Usipobadilishwa huwa 128. Mwenye 0 haazimi kitu.

Ndiyo maana mfumo unaokwenda vizuri siku za kawaida unaweza kukwama siku watu wengi wanapoingia kwa pamoja. Seva inaweza kuwa na nguvu ya ziada, ila kipande hicho hakiruhusiwi kuichukua.

Ufanye nini?

Jaribu kufungua tovuti nyingine. Ikifunguka haraka, huenda mtandao wako ni mzima na foleni iko kwenye seva. Subiri, ujaribu tena baadaye, hasa usiku.

Ikiwa ulikuwa unalipa, usirudie malipo papo hapo. Ombi la kwanza linaweza kuwa bado liko kwenye foleni, ukajikuta umekatwa mara mbili. Angalia kwanza salio na ujumbe wa uthibitisho.

Kwa viongozi wa AMCOS na SACCOS wanaonunua mfumo, mwulizeni muuzaji kabla ya kusaini: mgawo wetu wa uhakika ni kiasi gani? Una kikomo? Siku ya malipo ya wakulima unaweza kupanda hadi wapi? Majibu yaandikwe kwenye mkataba.