Maumivu Yaliyokosa Kuaminiwa: Historia Fupi ya Maumivu Sugu ya Uke

Dada yangu aliolewa hapa Kampala. Tangu usiku wa kwanza alihisi kama anachomwa moto kila alipoguswa ukeni. Ssenga, yaani shangazi ambaye kwa desturi ya Waganda humfunda bibi harusi, alimwambia ajikaze. Zahanati ilimpa dawa za fangasi mara nne bila kumpima. Daktari mmoja akasema hana ugonjwa wowote. Dada ameniruhusu niandike haya. Mimi, kama mwanafunzi wa historia, nilijiuliza: je, maumivu haya ni mapya? Katika insha hii nitaonyesha kwamba madaktari waliyaandika zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kilichochelewa ni kuwaamini wanawake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860, daktari Mmarekani J. Marion Sims alieleza hali ambapo misuli ya mlango wa uke hujikaza yenyewe bila mwanamke kutaka. Aliiita vajinismasi, na tiba yake ilikuwa kukata kwa kisu, kisha kutumia kifaa cha kioo kupanua uke. Sims huyu ndiye aliyewafanyia majaribio ya upasuaji wa fistula wanawake watumwa huko Alabama kati ya 1845 na 1849, bila dawa ya usingizi. Watatu kati yao tunawajua kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Kwa hiyo elimu hii ilianza kwa watu ambao maumivu yao hayakuhesabiwa.

Mwaka 1880, T. Gaillard Thomas, naye wa Marekani, aliandika juu ya wanawake ambao sehemu ya nje ya uke huuma mno ikiguswa ingawa haionyeshi kidonda. Miaka michache baadaye Alexander Skene aliandika mambo kama hayo. Baada ya hapo vitabu vilinyamaza kwa muda mrefu. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20, mwanamke aliyelalamika aliambiwa tatizo liko akilini mwake, au katika ndoa yake.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1970 kiliundwa chama cha kimataifa cha wataalamu wa magonjwa ya sehemu ya nje ya uke. Mwaka 1987, daktari Eduard Friedrich aliweka vigezo vya kutambua maumivu ya mlango wa uke, kimojawapo kikiwa uchungu pale panapobonyezwa. Mwaka 1994 wagonjwa wenyewe waliunda chama chao huko Marekani. Mwaka 2015 vyama vya wataalamu vilikubaliana kwamba vulvodinia ni maumivu ya sehemu ya nje ya uke yanayodumu angalau miezi 3 bila sababu inayotambulika wazi. Maneno haya ni muhimu sana, kwa sababu yanakubali kwamba mtu anaweza kuumwa kweli hata kama vipimo havionyeshi kitu.

Leo tiba zipo, ingawa hakuna moja inayomfaa kila mtu. Kuna fiziotherapia ya misuli ya nyonga, dawa ya ganzi ya kupaka, dawa za kutuliza neva, na ushauri nasaha kwa wanandoa. Upasuaji hufanyiwa wachache, baada ya njia nyingine kushindikana. Sabuni za manukato ni za kuepukwa.

Dada alipata nafuu baada ya kukutana na daktari aliyechukua kijiti cha pamba, akamgusa taratibu sehemu moja baada ya nyingine, akiuliza kila mara, "Hapa je?" Kipimo hicho hakihitaji mashine wala umeme. Dada aliniambia alilia pale kitandani, si kwa uchungu, bali kwa kuwa aliulizwa.

Kwa kumalizia, naona historia hii inatuhusu sisi pia. Wenzetu wanaosomea udaktari na uuguzi wafundishwe kuuliza swali hilo, na sisi wengine tuache kuwaambia dada zetu wajikaze.