Linux inagoma kufungua tovuti? Kagua DNS kabla ya kuita fundi

Wadau, tatizo hili linawapotezea watu pesa na mafaili. Taa za modemu zinawaka, salio lipo, lakini hakuna tovuti inayofunguka. Fundi anakuja, anasema "tupige Linux upya", na picha zako zote zinaenda na maji. Kumbe kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja tu!

DNS ni kama daftari la simu. Wewe unaandika jina la tovuti, seva ya DNS inarudisha namba yake. Mfumo huu aliubuni Paul Mockapetris mwaka 1983. Seva isipojibu, kompyuta haijui iende wapi.

1. Fungua terminal, jaribu namba kwanza, kisha jina:

ping -c 4 8.8.8.8
ping -c 4 wikipedia.org

Namba ikijibu na jina likigoma, mchawi ni DNS. Vyote vikigoma, anza na waya, wifi au salio.

2. Angalia unatumia seva gani:

cat /etc/resolv.conf

Soma mistari ya "nameserver". Ukikuta 127.0.0.53 usishtuke, hiyo ni systemd-resolved, ipo humo humo ndani ya kompyuta yako. Seva zenyewe utaziona kwa:

resolvectl status

3. Uliza seva nyingine moja kwa moja:

dig @1.1.1.1 wikipedia.org

Ikirudisha namba, basi seva uliyopewa na mtandao wako ndiyo inayosumbua.

4. Badilisha. Usihariri resolv.conf kwa mkono, maana NetworkManager ikiunganisha tena inaweza kufuta ulichoandika. Tafuta jina la muunganisho wako, kisha uliweke mahali pa "JINA":

nmcli connection show
nmcli connection modify "JINA" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "JINA"

5. Kama inagoma tovuti moja tu, angalia /etc/hosts, kwa kawaida faili hilo husomwa kabla ya DNS. Halafu safisha kumbukumbu ya zamani:

resolvectl flush-caches

Angalizo: ukiwa ofisini au chuoni, seva za nje hazijui majina ya mitambo ya ndani. Printa au tovuti ya ndani ikipotea, rudisha ulivyokuta:

nmcli connection modify "JINA" ipv4.dns "" ipv4.ignore-auto-dns no

Kisha washa muunganisho upya kama hapo juu.

Ukikwama, tuwekee kwenye maoni majibu ya hatua ya 1 na ya 2, tutasaidiana. Ila usiformati kwanza!