Kiwambo, si Ngoma

Orodha mpya ya istilahi za tiba, kazi ya kamati ambayo sitaitaja kwa heshima ya posho zake, imekibatiza kiwambo cha sikio "ngoma ya sikio". Kwa wasioridhika imeongezwa "membreni ya timpani", kana kwamba Kiswahili kimeishiwa.

Kuwamba ni kitenzi cha kale. Wakikuyu wana mzizi huohuo, -amba, kwa kazi ileile ya kuitandaza ngozi na kuikaza kwa vigingi. Sisi twawamba kitanda kwa kamba, twawamba ngoma kwa ngozi, na kitu kilichowambwa kikakazika ni kiwambo. Hapo umbo na kazi vimo ndani ya neno moja: utando wenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, uliokazwa ukingoni ili utikisike sauti inapougonga. Ukilegea, haupitishi sauti vizuri. Ngoma haisemi lolote kati ya hayo. Ngoma ni mzinga, ni ngozi, ni mlio, na kwetu ni sherehe nzima pamoja na wali wake.

Watetezi wa ngoma hukimbilia Kilatini. Karibuni. Gabriele Falloppio, mwanatomia wa Kiitalia, katika kitabu chake cha 1561 alipotumia neno tympanum, yaani ngoma, alikusudia chumba chenye hewa kilicho nyuma ya ngozi ile, si ngozi yenyewe. Ngozi ikaitwa membrana tympani. Wajerumani nao walikuwa waangalifu: Trommelfell, ngozi ya ngoma. Waingereza ndio waliofupisha mambo wakaita ngozi kwa jina la ngoma nzima, na kamati yetu ikaona uvivu wa jirani ndio elimu.

Mmoja wao alinijibu mkutanoni, kwa tabasamu nisilolisahau, kuwa ngoma ikilia sana hupasuka, na ya sikioni hupasuka vilevile. Methali nzuri, shahidi mbaya. Kinachopasuka ni kiwambo. Mzinga hubaki mzima ukingoja ngozi nyingine. Mwingine akalalamika kuwa kiwambo sasa ni cha kompyuta. Mbona kiwambotao, kile kinachotenga kifua na tumbo, hakijawahi kumchanganya mwanafunzi na runinga? Ndiyo maana tunasema "cha sikio".

Matumizi hayana tabu: kiwambo cha sikio, viwambo vya masikio; kimetoboka, kimepasuka, kimevimba.

Nimeambiwa pia kuwa naipigania istilahi hii kwa sababu niliipendekeza mimi, na kwamba kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Sikatai. Ila waungwana hawakutambua kwamba kwa kunisuta wamekiri kuwa kinachowambwa ni ngozi. Wahariri wa vitabu vya biolojia, andikeni kiwambo cha sikio, na hiyo ngoma ifuteni kabla toleo lijalo halijakwenda mtamboni.