Kuchanga na Kuchangishwa: Habari za Vyuo vya Michango Nchini Kenya

Kitenzi kuchanga humaanisha kila mtu kutoa chake ili vyote vikusanywe pamoja, na mtoaji ndiye mtenda. Kikinyambuliwa kuwa kuchangishwa, mtoaji ageuka mtendwa. Tofauti hiyo ya sarufi yafaa kukumbukwa na kila atakaye kuandika historia ya vyuo ambavyo wananchi wa Kenya walivijenga kwa fedha zao. Kwani Githunguri palijengwa na watu waliochanga, lakini vyuo vya miaka ya 1970 vilijengwa kwa sehemu kubwa na watu waliochangishwa.

Chuo cha ualimu cha Githunguri, wilayani Kiambu, kilifunguliwa Januari 1939. Shule za kujitegemea za Wakikuyu, zilizoenea baada ya ugomvi na wamisionari wa mwaka 1929, zilikuwa na haja kubwa ya walimu, wala serikali haikuwa na haraka ya kuzipatia. Mbiyu Koinange, aliyekiongoza chuo, alikuwa amerudi kutoka Marekani mwaka 1938. Huko alisoma kwanza Hampton, katika Virginia, chuo cha watu weusi ambacho jumba lake moja kubwa, Virginia Hall, lilijengwa katika miaka ya 1870 kwa fedha za wanafunzi waliozunguka mijini wakiimba. Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani ya kuwa alileta Kiambu mtindo wa kigeni. Njia iliyotumika Githunguri ilikuwa ya wenyeji, naye mwenyewe aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1955: fedha zilikusanywa kwa mariika.

Neno la Kikuyu riika ni ndugu wa rika la Kiswahili, lakini ndugu hao hawakulelewa nyumba moja. Kwa Mswahili rika ni watu wa umri mmoja tu. Kwa Mkikuyu riika ni kundi la waliotahiriwa pamoja, lenye jina lake na heshima yake ya kulinda. Kila riika lilichanga peke yake, na kiasi chake kikajulikana. Wazee hawakupenda kushindwa na vijana, wala vijana hawakukubali kuitwa watoto. Asiyetoa hakuwa na sababu ya kumwogopa karani wa kodi. Aliona haya mbele ya wenziwe, na haya ya namna hiyo ni nzito kuliko hati ya serikali. Wanawake nao walikusanya yao wenyewe kwa ajili ya bweni la wasichana, jambo linalostahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko litajwavyo.

Lakini kujenga ni kazi moja, na kulipa mishahara mwezi baada ya mwezi ni kazi nyingine. Jomo Kenyatta, aliyerudi nchini mwaka 1946 na baadaye kukishika chuo, aliyakuta na kuyaacha malalamiko juu ya fedha. Kama mariika yangaliendelea kuchanga kwa miaka 20, hapana awezaye kusema, kwa kuwa chuo kilifungwa na serikali baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952.

Tarehe 1 Juni 1963 Kenyatta, sasa Waziri Mkuu, aliifanya harambee kuwa mwito wa taifa. Neno ni la pwani, la watu wavutao mzigo mzito pamoja. Wako walitoao katika Ambe, jina la mungu wa kike wa Wahindu, wakiwataja mafundi wa reli. Dai hilo husimuliwa zaidi kuliko linavyothibitishwa. Lililo muhimu ni matumizi yake: mwito huo ni wa mvuto mmoja. Mzigo ukishasogea, sauti hunyamaza.

Baada ya mwaka 1971 ilizuka mipango zaidi ya 10 ya vyuo vya ufundi vya harambee: Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kisumu, Kakamega, Ukambani na kwingineko. Cha Murang'a kilianzishwa kwa juhudi za Dkt. Julius Kiano, aliyekuwa waziri. Sasa mashindano yalikuwa ya wilaya na ya wakubwa wao, wala si ya mariika. Katika sehemu za kahawa na chai, wakulima walikatwa mchango katika malipo yao kabla hayajawafikia mikononi, na machifu wakahimiza ukusanyaji. Fedha zikapatikana, na pengine kwa wepesi kuliko Githunguri. Lakini mkulima aliyekatwa hakuulizwa lolote, na mgeni wa heshima akaondoka na sifa. Gharama za kila mwaka hatimaye ziliangukia serikali. Chuo cha Kakamega kilifanywa chuo kikuu kamili mwaka 2007, cha Nyeri kilipata hati ya chuo kikuu mwaka 2012, na cha Murang'a mwaka 2016, vyote vikitegemea hazina ya umma.

Mwaka 2003 Bunge lilitunga Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma, iliyomkataza mtumishi kukusanya michango ofisini mwake au kutumia cheo chake kuwashurutisha watu watoe. Sheria hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Lakini ilipofika mahali pa kuitaja desturi yenyewe, waandishi wake waliandika harambee.